Wema Usioonekana

Methali ya Kiswahili humwamuru mtu atende wema kisha aende zake. Ni amri fupi, na kwa ufupi wake imependwa sana. Watoto hufundishwa kabla hawajajua kusoma, na wazee huirudia kila wamwonapo mtu akidai shukrani. Walakini amri hiyo ina sehemu mbili, na sehemu ya pili haichunguzwi kama ile ya kwanza. Kutenda wema kuna maana iliyo wazi. Kwenda zako maana yake nini? Ni kuziacha sifa nyuma, au ni kuyaacha na maswali pia? Mtu atendaye jambo gizani akaondoka pasipo jina, na mtu atendaye jema akakataa kupigiwa makofi, je, ni ndugu wa tumbo moja, au wamefanana mavazi tu?

Swali hili mara nyingi hujadiliwa kwa mifano mikubwa: sadaka ya tajiri, damu ya shujaa, usiku wa mchamungu. Mifano mikubwa ina nuru kali, na nuru kali huumiza macho. Heri mfano mdogo, hata ukiwa wa mchezo, ambamo kwa kutazamwa juu juu hakuna roho ya mtu iliyo hatarini wala mali nyingi iliyotolewa, ili ionekane wema wa siri umeumbwa kwa kitu gani. Mchezo wenyewe ni ule wa kuficha na kutafuta makopo kwa msaada wa setilaiti, uitwao jiokashi.

Mchezo huo una siku yake ya kuzaliwa. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliondoa kosa lililokuwa likitiwa makusudi katika ishara za GPS zilizoruhusiwa kutumiwa na raia, na chombo kilichokuwa kikikosea kwa kadiri ya mita 100 kikaweza kuonyesha mahali kwa tofauti ndogo. Siku iliyofuata Dave Ulmer aliiweka ndoo nyeusi ya plastiki msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akaifukia nusu, akatia ndani vitu vidogo vidogo, likiwamo kopo la maharage, kisha akatangaza kwa intaneti namba za latitudo na longitudo za mahali pale. Sharti lilikuwa jepesi: achukuaye kitu aache kitu, na jina lake aliandike. Mike Teague alikuwa wa kwanza kuiona ndoo hiyo. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Jeremy Irish alifungua tovuti ya Geocaching.com, na leo makopo yaliyofichwa duniani yamezidi milioni 3, chini ya madaraja, katika mashina ya miti, milimani na pembeni mwa njia za miji.

Wachezao huhesabu heshima yao kwa kuona. Kila apataye kopo huandika jina lake daftarini na kwenye tovuti, na aliyefika wa kwanza hujivunia kutangulia kwake kama mwindaji ajivuniavyo pembe. Mfichaji naye ana jina. Limeandikwa juu ya ukurasa wa kopo lake, na wapitao humshukuru au humlaumu. Lakini baina ya mfichaji na mtafutaji yuko mtu wa tatu, naye ndiye mwenye habari hii. Hakuna kopo liingialo katika orodha ya tovuti hiyo bila ya kupita mkononi mwa mhakiki. Huyu ni mtu wa kujitolea, asiyelipwa mshahara, ambaye aghalabu hufanya kazi hiyo kwa lakabu. Hupokea namba za mahali na maelezo ya mfichaji, akapima kama kopo jipya liko angalau mita 161 mbali na lililotangulia. Akauliza kama mwenye ardhi ametoa ruhusa. Akatazama ramani asije akapeleka watu penye reli, au penye kambi ya askari, au ukutani mwa shule. Akahakikisha kwamba hakuna shimo lililochimbwa pasipo ruhusa ya mwenye ardhi, kwa kuwa kile alichokifanya Ulmer siku ya kwanza sasa kimekatazwa bila ya ruhusa hiyo. Akiridhika, hulitangaza kopo. Wiki au miaka ikipita, kopo likivunjika na mwenyewe akawa hajali, ni mhakiki huyo huyo amwandikiaye kumkumbusha, akampa muda, na asipojibu akalifuta katika orodha.

Kazi hiyo ina uchungu wake wa peke yake, ambao watu wa nje hawaufikirii. Yako makopo ambayo mahali pake hufichwa nyuma ya fumbo: mchezaji lazima afumbue hesabu au kitendawili ndipo azipate namba za kweli. Mhakiki hawezi kulipima kopo la namna hiyo bila ya kuonyeshwa jibu. Basi kila fumbo lililotungwa katika nchi yake yeye amekwisha kulijua kabla halijamfikia mtu mwingine, na raha ya kulifumbua imempotea kwa sababu ya kuwahifadhia wengine raha hiyo. Hali kadhalika hajui tena furaha ya kutangulia. Ajua mahali pa kopo kabla ya wote, na akikimbilia huko ataivunja imani iliyomweka pale. Ni kama mpishi wa karamu aliyeshiba moshi. Aliingia katika utumishi kwa mapenzi ya mchezo, na utumishi umemtoa mchezoni.

Wako watakaosema kwamba hapa hapana wema, bali ujinga. Tovuti hiyo ni mali ya kampuni iliyoko Seattle, ambayo huuza uanachama wa daraja la juu kwa wachezaji. Nao wahakiki huifanyia bure kazi ambayo, lau wangeacha siku moja, biashara ingesimama. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kupuuzwa kwa kusema kwamba mapenzi hayana bei. Historia ya Tanzania inalo neno la kuongeza hapa. Baada ya uhuru wa mwaka 1961, taifa lilipoinua wito wa Uhuru na Kazi, watu wengi walichimba misingi ya shule na kulima barabara bila ya ujira, na wengi walifanya hivyo kwa moyo mweupe. Lakini kila mzee aliyeishi siku hizo ajua tofauti iliyokuwapo baina ya kijiji kilichojitolea na kijiji kilichojitolewa na viongozi wake. Tofauti haikuwa katika jasho, kwa maana jasho lilikuwa moja. Ilikuwa katika uwezo wa kusema hapana na kurudi nyumbani salama. Mhakiki anao uwezo huo; siku yoyote aweza kuacha, na hakuna atakayemtoza faini. Kwa hiyo yeye si mtumwa. Hata hivyo kampuni itumiayo mikono yake haiwi huru na deni kwa sababu ya ukarimu wake, na mtu ajitoleaye ana haki ya kujua ni nani apataye faida. Hayo yatosha juu ya fedha, kwa kuwa swali la fedha si lililo zito kuliko yote katika jambo hili.

Swali lililo zito laonekana vizuri zaidi mtu akiutoa mchezo huu katika misitu ya Oregon na kuupeleka Malangali. Malangali ni kata ya mji wa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Nchi ya upepo na baridi, ya majani mengi na mahindi, yenye milima ya Mbizi upande wa mawio. Na idhaniwe kwamba msafiri mmoja kutoka ng'ambo, akiwa njiani kwenda kuyatazama maporomoko ya Kalambo mpakani mwa Zambia, amelala Sumbawanga siku mbili. Amependezwa na nchi. Ana kopo begani, ndani yake mna daftari, kioo kidogo, ushanga, sanamu ya mnyama na sarafu za kwao. Jioni anatembea Malangali, anaona kichaka kizuri kando ya njia, analificha kopo lake chini ya mawe, anaandika namba, na kuzipeleka kwa mhakiki asiyemfahamu, ili ulimwengu upate kujua kwamba Ufipa nako kuna cha kutafuta. Nia yake ni njema kabisa. Anatenda wema, na kesho kutwa atakwenda zake.

Sasa na afikiriwe mtu wa Malangali alionaye kopo hilo asubuhi. Yeye hajui jiokashi. Anaona kioo, ushanga na sanamu, vimefungwa pamoja na kufichwa chini ya mawe na mtu asiyejulikana, karibu na njia ya nyumba fulani. Jina lenyewe la Sumbawanga, wenyeji hulieleza kuwa maana yake ni kutupa uchawi. Katika miaka ya 1960 ilipita Ufipa harakati iitwayo Kamchape, ambayo habari zake ziliandikwa mwaka 1968 na Roy Willis, mtaalamu wa mila aliyeishi kwa Wafipa; vijana wake walizunguka vijijini wakitafuta pembe na dawa zilizofichwa, na mwenye nyumba aliyeonekana kuwa nazo alitolewa mbele ya watu. Huo nao ulikuwa utafutaji wa vitu vilivyofichwa, lakini haukuwa mchezo. Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1928 chini ya utawala wa Waingereza, na ambayo ingali katika vitabu vya sheria vya Tanzania, humhesabu kuwa mkosaji mtu mwenye zana za uchawi. Na mbali ya sheria, nchi nzima yajua kwamba wako wazee, hasa wanawake, waliouawa kwa tuhuma tu. Kopo la msafiri halina sumu wala hirizi. Lakini nyumba iliyo karibu na kichaka kile ina mwenyewe, na pengine mwenyewe ni mama mzee aishiye peke yake, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko la miaka sitini.

Asidhani msomaji kwamba hofu ya namna hii ni ya Ufipa peke yake. Mwaka 2011 katika mji wa Wetherby, Uingereza, kopo la mchezo huu liliwekwa karibu na mkahawa. Mtu aliyemwona mwenziwe akishughulika na kitu kile kwa namna ya kujificha alitia shaka, polisi waliitwa, njia ikafungwa, na wataalamu wa jeshi wa kutegua mabomu wakalilipua. Waingereza waliogopa bomu kwa kuwa bomu ndilo walilolijua. Mfipa ataogopa uchawi kwa sababu iyo hiyo. Kila nchi huitazama siri kwa macho ya misiba iliyokwisha kuipata.

Hapa ndipo mhakiki anapopata maana yake. Barua ya msafiri inapomfikia, yeye huuliza jambo moja ambalo msafiri hakujiuliza: ni nani atakayelitunza kopo hili ukiisha kuondoka? Ni kanuni ya mchezo kwamba kopo lililoachwa na mpita njia, mbali na kwao, kwa kawaida halikubaliwi, ila kama yuko mtu wa mahali hapo aliyekubali kuliangalia na kulijibia. Kanuni hiyo yaonekana kama urasimu mtupu, na wasafiri huinung'unikia sana. Kwa hakika ndani yake mna falsafa nzima. Yadai kwamba kitu kilichofichwa kisikose mtu wa kuulizwa. Msafiri aliielewa methali kuwa ni kutenda na kutoweka. Mhakiki ameielewa kuwa ni kutenda na kukaa mahali utakapoweza kuitwa, hata kama hutaitwa kupewa asante.

Wazee wa Ufipa waliyajua mambo haya kwa njia yao. Nchi ile ilisifika kwa wafua chuma. Matanuri yao ya udongo, malungu, yaliinuka kupita kimo cha mtu, na magofu ya baadhi yake yangali yakionekana. Yalivuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini, bila ya mvukuto. Mvukuto ulitumika baadaye, katika tanuri dogo la kusafishia chuma. Jembe lilipofika mkononi mwa mkulima halikuwa na jina la aliyechimba udongo, wala la aliyechoma makaa, wala la aliyebeba mawe ya chuma. Watu hao walifichika na sifa, lakini hawakufichika na hukumu: chuma chenyewe kilikuwa hakimu wao, maana kilitoka au hakikutoka, na jembe lilivunjika au halikuvunjika. Pamoja nao palikuwa na siri nyingine, nayo ni kikapu cha dawa cha fundi mkuu, ambacho si kila mtu aliruhusiwa kujua yaliyomo. Chuma kilipokataa kutoka, dawa haikuulizwa. Ilisemekana kuwa mwiko umevunjwa, na mtu fulani katika kundi akatafutwa aliyeuvunja.

Hii ndiyo alama itenganishayo siri mbili zinazofanana mavazi. Siri moja hukimbia sifa, na ikikosea hujitwika kosa lake. Siri ya pili hukimbia maswali, na ikikosea humtwika mwingine. Mchimba udongo wa Ufipa na mhakiki wa makopo wamo katika ile ya kwanza. Mchawi, kama watu wamwaminivyo kuwa, yumo katika ile ya pili. Naye mpiga ramli amtajaye mama mzee kisha akaondoka kijijini na ujira wake yumo humo pia, ijapokuwa yeye hutembea mchana. Cha kushangaza ni kwamba msafiri mwenye kopo, kwa nia yake njema, alikuwa karibu sana kuingia katika kundi hili la pili. Hakutaka sifa nyingi wala hakutaka mabaya. Alitaka tu kwenda zake. Lakini kosa la tendo lake lingemwangukia asiyekuwapo katika shauri.

Utumishi wa namna ya kwanza haukosi katika Tanzania yenyewe, wala haungoji mchezo. Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, huchorwa na watu wa kujitolea kutoka kila pembe ya dunia. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi pamoja na wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, walikitembea kitongoji chao na vyombo vya GPS, wakaandika njia, visima na mitaro. Tangu mwaka 2015 kazi hiyo ilipanuliwa kwa jina la Ramani Huria katika kata zisumbuliwazo na mafuriko. Mwaka huo huo wa 2015 ulianza mpango wa Crowd2Map, ambao kwao wageni wa mbali huchora barabara na mapaa ya vijiji vya Tanzania kutoka picha za setilaiti, na wenyeji wakatia majina. Mojawapo ya sababu zake ilikuwa kuwasaidia watu wa nyumba salama ya Mugumu, wilaya ya Serengeti, kuwafikia wasichana wanaokimbia kukeketwa katika vijiji visivyokuwa na ramani. Msichana aokolewaye usiku hajui ni nani aliyechora njia iliyopitiwa na gari. Huenda ni mwanafunzi aliyekaa Ulaya jioni moja ya baridi, akavuta mstari mmoja kwa kidole, akalala. Lakini kila mstari wa ramani ile umehifadhiwa pamoja na jina la akaunti ya aliyeuvuta na saa aliyouvuta; ukiwa umekosewa, yuko wa kuulizwa. Umma haumjui, na hata hivyo hakujificha.

Yabaki shaka moja ambayo haifai kuzimwa haraka. Mhakiki hutumia lakabu. Je, huko si kukimbia maswali? Mtu mwenye mamlaka ya kukubali na kukataa, asiye na uso, amekuwa chanzo cha dhuluma nyingi duniani, na waliowahi kungojea kibali katika dirisha la ofisi wajua jinsi karani asiyetaja jina awezavyo kuwa mfalme. Watetezi wa lakabu husema kwamba wachezaji waliokataliwa huwa na hasira, na ya kuwa mtu ajitoleaye bure hana sababu ya kufuatwa nyumbani kwake na matusi. Utetezi huo ni wa haki, lakini hautoshelezi peke yake. Unatosheleza kwa kuwa pana rufani: aliyekataliwa aweza kulipeleka shauri lake kwa kampuni, ambayo yamjua mhakiki kwa jina lake halisi na yaweza kuitengua hukumu yake. Rufani ikiondolewa, lakabu ile ile itageuka kuwa kinyago. Basi wema wa siri hautegemei moyo wa mtendaji peke yake, kama walimu wa maadili wanavyopenda kufundisha. Wategemea na mpango uliomzunguka, kama upo mlango wa kubisha na kama yuko wa kuitika. Dini zote mbili kubwa za pwani na bara humsifu atoaye sadaka kwa siri. Nazo zote mbili humwacha Mungu akiona. Mchezo wa makopo hauna daraja hiyo, na watu wake wamelazimika kujiwekea jicho la kibinadamu, dogo na lenye kukosea.

Na mhakiki naye hukosea. Huenda akalikataa kopo ambalo lingewekwa salama uwanjani mwa nyumba ya wageni, kwa ruhusa ya mwenyewe. Huenda akalikubali jingine ambalo ramani yake haikumwonyesha kaburi lililo kando yake. Hajui Malangali. Ajua tu kwamba hajui, na kwa sababu hiyo anauliza nani aliyeko huko. Kama siku moja vijana wa Sumbawanga wataupenda mchezo huu na kuwa wafichaji, swali lake litapata jibu rahisi, kwa maana watakuwako wenyewe, na watajua ni kichaka kipi cha kuchezea na kipi cha kupita kwa heshima.

Kabla ya siku hiyo, msafiri atapata barua fupi ya kukataliwa, iliyoandikwa kwa adabu na kutiwa sahihi ya lakabu, ikimtaka alitoe kopo alilolificha. Ataghadhibika kidogo. Atarudi njia ile ile jioni, atayaondoa mawe, atalitia kopo begani, na kesho yake atapanda basi. Mhakiki atafunga shauri hilo na kufungua jingine. Huko Malangali mahindi yatapaliliwa, watoto watapita kando ya kichaka wakienda shule, na mama mzee wa nyumba ya karibu atakoka moto wake, asijue kwamba palikuwa na shauri lolote.